Fundi aliponinyima upepo

Fundi wangu wa mipira hapa Limbani, Pemba, hana maneno mengi. Asubuhi unamkuta kachutama na kikombe chake cha chai ya rangi, kompresa inanguruma nyuma yake. Unamtajia paundi, anajaza, unampa chake, unaondoka. Siku ile nilimwambia, "Thelathini na mbili kote, fundi, nishachelewa," akaizunguka gari mara moja, akarudi, akautundika mpira wa upepo kwenye msumari wake ukutani.

"Mwalimu, ule wa nyuma kushoto mimi siutii upepo."

Nikamwuliza una nini. Hakujibu. Alichukua bisibisi nyembamba, akaigusisha kwenye ubavu wa mpira karibu na ringi, na ncha ikazama kabla hajaisukuma. Akaichomoa, akaisogeza kidole kimoja mbele, ikazama tena. Akaendelea hivyo hivyo mpaka akamaliza robo ya duara. Ulikuwa ufa mmoja mrefu, mwembamba kama mstari wa penseli, na mimi mstari ule nilikuwa nauona kila Ijumaa nikiosha gari. Nilidhani ndivyo ulivyotoka kiwandani.

"Ukinipasukia usoni, watoto wangu atawalea nani? Wewe?"

Gari nikaiacha pale pale, nikapanda ya abiria kwenda Chake, nikaingia darasani kipindi cha kwanza kishapita nusu.

Gari yenyewe ni BMW 116i ya mwaka 2009. Chekeni tu, nishazoea. Mwalimu wa kemia, Wete, na BMW. Aliinunua kaka yangu Dar, mtumba wa Japani. Akaiendesha kidogo, akapata kubwa zaidi, hii ikakaa imeegeshwa miezi minane akisubiri mteja. Mteja hakutokea, ndipo akanikumbuka mimi dada yake, akaniuzia kwa mafungu. Iliposhuka melini Mkoani nilimpiga picha kila mtu aliyesimama karibu nayo.

Usiku wa siku hiyo iliyoshuka melini nilifungua buti kutafuta spea. Nikainua zulia, nikainua na kilicho chini ya zulia. Hakuna. Si kwamba spea imeibiwa, hata shimo la kuilaza halipo. Nikampigia kaka.

"Haina, na haihitaji," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja nasaba yake. "Mipira yake ranfleti hiyo."

Nikaenda kuitazama na tochi ya simu. Ubavuni kweli zimo herufi RSC ndani ya duara, ndiyo alama inayowekwa kwenye mipira ya BMW ya aina hiyo. Kila kampuni ya mipira ina herufi zake: Bridgestone wanaandika RFT, Goodyear ROF, Continental SSR, Michelin ZP. Maana ni moja. Mpira wa kawaida unabebwa na upepo, mbavu zake ni ngozi tu ya kuuzuia upepo usitoke. Ranfleti mbavu zake zimeshindiliwa mpira mnene, mgumu, hata upepo ukiisha wote gari inabaki imesimama juu ya mbavu. Watengenezaji wanakuahidi kilomita 80 bila upepo, mradi usizidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa.

Nikapiga hesabu. Kisiwa chetu cha Pemba, ukikipima kwa mstari ulionyooka, hakifiki kilomita 70 toka ncha ya kaskazini hadi ya kusini. Kwa hiyo naweza kuchomwa na msumari Kigomasha, nikashuka nayo kisiwa kizima bila upepo, nikafika baharini na akiba mkononi. Kona sikuzihesabu, wala mashimo, lakini usiku ule nililala nimeridhika.

Nilichosahau kukihesabu ni nini kinakungoja hizo 80 zikiisha. Kwa Wajerumani kinakungoja duka, mashine, na mpira mwingine kama wako uko rafuni. Kwangu mimi ingeningoja gati ya Mkoani.

Msumari ulikuja kweli, mwaka juzi, katikati ya msimu wa karafuu, majamvi yametandazwa kila penye jua. Nilikuwa nateremka kabla ya Minungwini, taa ikawaka kwenye dashibodi na mlio mmoja wa adabu. Nikasimama, nikaitazama mipira yote minne. Imesimama wima! Sasa hapo ndipo ilipo raha na balaa ya vitu hivi: mpira umekwisha upepo na hauonyeshi. Gari inajua kwa sababu inahesabu mizunguko ya kila gurudumu, na lililopungua upepo linakuwa dogo kidogo, kwa hiyo linazunguka haraka kuliko wenzake. Mimi nilisimama pale njiani nikifurahia fizikia, badala ya kufikiri.

Nikaenda nayo hivyo hivyo hadi Chake, mwendo wa hamsini, nikasomesha, nikarudi nayo Wete jioni. Nilijiona mjanja kuliko msumari.

Siku ya pili nikampelekea fundi. Mpira wa kawaida anauvua kwa mitaimbo miwili huku anaongea na simu. Huu alihangaika nao. Alipanda juu ya ubavu akaruka, akamwita kijana wake naye akaruka, wakawa wawili wanaruka kama watoto juu ya godoro, na mpira umeng'ang'ania ringi haubanduki. Mwisho aliulaza chini ya bampa la Canter iliyoegeshwa mbele ya duka la jirani, akasimamisha jeki juu ya ubavu wake, akaanza kupampu. Canter ikainuka upande mmoja, mwenye Canter akatoka dukani na boflo mkononi kuuliza kulikoni, na ndipo mpira ukaachia, kishindo cha kumtoa mtu roho.

Fundi akaupindua, akaupigapiga mgongoni. Ukamwaga vumbi jeusi chini, chembe chembe, kama kahawa iliyosagwa kwa haraka. Akalichota kidogo, akanitilia kiganjani.

"Huu umejila wenyewe, mwalimu. Nje mzima, ndani ushakufa."

Alikuwa sahihi, na naandika hapa ili anayetaka kunisema apate pa kuanzia. Ranfleti ikishatembea bila upepo, mbavu zinakunjwa na kukunjuliwa kila mzunguko chini ya uzito wa gari, zinapata moto, zinasagika kwa ndani, na ukiutazama kwa nje huwezi kujua umeumia kiasi gani. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanakataza usizibwe ukatumika tena. Mimi nikamwambia fundi atie kiraka. Ulikuwa mwisho wa mwezi. Alitia, huku anatikisa kichwa, na mpira ule ule, nyuma kushoto, ndio uliokuja kuizamisha bisibisi.

Lakini mwenzangu usidhani ni kosa la msumari peke yake. Siku ile niliyonyimwa upepo nilirudi jioni, nikapiga magoti, nikaikagua na mitatu iliyobaki. Ilikuwa na nyufa pia, si ndefu kama ule, ila nyingi, zimejaa pale uso wa mpira unapokutana na ubavu, kama tope la mkoko lililokauka jua. Hapa mniruhusu nisomeshe kidogo. Skuli kemia tunaisomesha kwa Kiingereza, na siku zote natamani niiseme kwa lugha ya nyumbani.

Raba ni nyuzi ndefu ndefu. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiichanganya na salfa ukaipasha moto, salfa inazifunga zile nyuzi pamoja, raba inaacha kuyeyuka juani na kukakamaa kwenye baridi. Lakini kwenye nyuzi bado vinabaki vifungo vya maradufu, na vifungo hivyo vina adui anayeitwa ozoni. Ozoni imo hewani, kidogo tu, inatosha. Inatafuta mahali raba ilipovutika, inakata pale, na ufa unakwenda kukingama na upande raba inakovutikia. Joto na jua vinaongezea. Wenye viwanda wanajua, kwa hiyo wanatia ndani ya raba dawa za kuizuia ozoni, pamoja na nta. Ule ukahawia unaouona ubavuni mwa mpira, unaousugua kwa brashi mpaka unakoma, ni dawa hiyo imetoka nje kufanya kazi yake.

Na nta nayo inatoka ndani kuja juu kila mpira unapotembea na kunyumbuka. Gari iliyosimama nta yake haitoki vizuri. Sasa itazame yangu: ilisimama Japani ikingoja mnunuzi, ikasimama yadi Dar, ikasimama miezi minane kwa kaka, kisha ikaja kusimama kwangu chini ya mwembe ambao kivuli chake saa sita kimeshahamia kwa jirani. Huko yadi waliipaka mipira dawa nyeusi ya kung'arisha. Nakumbuka niliisifia, "mipira kama mipya." Nyufa zilikuwa chini ya wanja.

Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wa mstari wake kuna tarakimu nne peke yake. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mitatu yangu ilisoma 2214, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2014. Mmoja ulisoma 4013. Kampuni kubwa kadhaa zinashauri mpira ukishapita miaka 5 ukaguliwe kila mwaka, na miaka 10 isivukwe hata kama meno yake bado marefu. Yangu yalikuwa marefu kweli, na ndiyo yaliyonidanganya. Sisi tunaogopa kipara tu.

Mama yangu alikuwa ameshanitahadharisha kwa njia yake. Ana mgongo, na kila mwezi nampeleka kliniki Chake. Mara ya tatu alisimama mlangoni na mkoba wake, akaitazama gari, akasema, "Mwanangu, gari yako nzuri, Mungu akuwekee. Mimi nitapanda ya abiria." Niliona haya kwa majirani. Lakini upepo ndani ya mpira ndiyo springi ya kwanza ya gari, na ranfleti imeitoa sehemu ya kazi hiyo ikaipa ubavu mgumu kama kwato. Shimo linapita kwenye mpira bila kupunguzwa sana, linafika kwenye ringi, kisha kwenye mgongo wa mama. Ringi moja ya mbele ilikuwa imeshapinda mdomo, na wala sikumbuki shimo lenyewe lilikuwa lipi.

Basi, kununua. Nilipiga simu Dar. Ranfleti mpya za saizi yangu, 205/55 R16, nikaambiwa laki tano na nusu mmoja, na iliyopo ni miwili. Mwengine akaniambia anayo ya mtumba, mizuri, kwa bei ya kuongea. Nikakumbuka lile vumbi kiganjani, nikamshukuru, nikakata. Ranfleti ya mtumba ni kununua tumbo la mtu usiyejua amekula nini. Mpya ya kawaida, saizi ile ile, laki moja na tisini. Minne, 760,000. Zamu yangu ya upatu ilikuwa bado miezi miwili, ila kuna mwalimu mwenzetu harusi ya binti yake ilishapita, akanipisha. Nitamlipa kwa kumsahihishia mitihani mpaka nistaafu.

Kaka hakukubali. Alinitumia sauti tatu za WhatsApp mfululizo, ya mwisho dakika nne. Nitaiharibu gari. Kompyuta itakataa. Itayumba. Sitapata mteja siku nikitaka kuiuza, na hapo nilicheka peke yangu, kwani yeye aliyekuwa na ranfleti mteja alimpata wapi? Nikamjibu kwa maandishi, maana nikiongea nahamaki. Kompyuta haijui aina ya mpira, inahesabu mizunguko tu, ukishabadilisha unaiamrisha ianze kujifunza upya. Ringi zina ukingo wa ziada wa kuushika mpira wa ranfleti usichomoke, lakini wa kawaida unaingia vile vile. La kuyumba nilimkubalia. Gari hii springi zake zilipangwa kwa mpira mgumu, ukiweka laini itaregea kidogo kwenye kona. Nilikuwa tayari kuregea.

Fundi alinishauri nianze na miwili, miwili mingine mwezi ujao. Nilikataa, ingawa mkoba ulimuunga mkono. Migumu nyuma na laini mbele ni gari mbili zimeunganishwa katikati, na mvua ya masika kwenye miteremko yetu si pahala pa kujaribu.

Kilichonisumbua kuliko mipira ni spea. Nikiacha ranfleti lazima nibebe spea. Baba watoto, kwa huruma zake, alileta ya Noah yake tuijaribu. Ina matundu matano, na yangu matano. Nikaona tumeokoka. Tukaiinua, tundu la kwanza likakaa, la pili likakaa nusu, la tatu likaonyesha chuma kitupu. Duara la matundu ya Noah ni milimita 114.3, la BMW 120. Hizo milimita tano na kitu, ukiwa umechutama na gurudumu mapajani, ni pana kama mkondo wa Pemba. Ikabidi kaka huyo huyo aliyekataa aende kutafuta ringi ya chuma kwenye BMW zilizochinjwa huko Dar. Aliipata, na sifa zake nampa. Ilikuja kwa meli ndani ya gunia, juu imeandikwa jina langu na neno "DAKTARI WA MIPIRA".

Kazi nilikwenda kuifanyia Chake, gereji yenye mashine ya kuvulia, kwa sababu sikutaka tena kumwazima mtu Canter yake. Mashine yenyewe ilihema. Mpira wa kwanza wa zamani ulipotoka kijana wa gereji aliuacha uanguke na haukudunda, ulitua kama gogo la mnazi. Mpya nilioubeba mwenyewe kutoka kwenye buti ulikuwa mwepesi, nikiubonyeza ubavu kwa kidole gumba unaingia ndani na kurudi. Kuukalisha kwenye ringi ulitaka upepo mwingi kwa sababu ya ule ukingo wa ziada, ukakaa kwa milio miwili, paa! kisha paa!, na mtoto aliyekuwa anatazama akakimbilia ng'ambo ya barabara.

Nikaomba wanikatie kipande cha ubavu wa ule wa nyuma kushoto. Ninacho mezani sasa hivi ninapoandika. Katikati unene wake ni kidole changu kizima, na kwa ndani, pale palipojikunja siku ile niliyojiona mjanja, kuna mfereji umechimbika, unaweza kulaza kijiti cha kiberiti ndani yake. Ule ufa wa nje na huu mfereji wa ndani zilibakisha baina yao raba nyembamba kuliko kava la daftari. Nimekipitisha kwa Kidato cha Tatu, kila mmoja akakipinda na kuutazama ufa ukifunguka mdomo. Mmoja akauliza kama chuma chake kinaliwa pia. Swali zuri, nyuzi za chuma zilizo chini ya uso wa mpira zinaingia kutu maji yakipita kwenye nyufa.

Njia ya kurudi Wete niliendesha na madirisha wazi. Tuta la kwanza pale Gombani nilijikaza kwa mazoea, na gari ikapanda ikashuka kama mtu anayekaa kitako taratibu. Kwenye kona kiuno kinaregea, kaka hakusema uongo, na usukani hauniambii kila kokoto kama zamani. Buti imekwenda. Spea imelala katikati imefungwa kamba, nimeifunika kanga, na mama, ambaye sasa anapanda, analalamika kwamba mikungu yake ya ndizi haina pa kukaa. Mipira ya zamani mmoja umekwenda bandarini Wete, jamaa kauning'iniza ubavuni mwa boti yake isigonge gati. Mitatu iko kwa fundi. Alitaka kukata katambuga, kisu kimemshinda.

Wiki iliyopita, Jumanne, msumari mwingine. Huu haukunifichia kitu: mpira ulikaa chini, gari ikainama, na mimi nikaegesha chini ya mti. BMW haina misumari iliyosimama ya kutundikia gurudumu, ni bolti zinazoingia kutoka nje, kwa hiyo unalishikilia gurudumu kwa magoti na mkono mmoja huku unatafuta tundu. Spana ya 17. Mzee aliyekuwa anapita na baiskeli alisimama kunisaidia, akashika bolti, akaigeuza geuza akiuliza nati yake iko wapi. Tukamaliza kwa dakika arubaini, nikafika skuli mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

Wa pancha nimeuacha kwa fundi Limbani. Kiraka, elfu tatu. Kesho naupitia.